Maji ya Mshipani: Mambo Yaliyovumbuliwa Kuhusu Kuwatibu Watu Wazima Walazwao Hospitalini

Kusudi la makala haya ni kueleza, kwa Kiswahili kiwezacho kusomwa hata na mtu asiyesomea uganga, mambo yaliyovumbuliwa katika miaka ya karibuni kuhusu tiba moja ambayo kila aliyepata kumuuguza ndugu yake hospitalini aijua: maji yatiwayo mwilini kwa njia ya mshipa. Wasomaji wa jarida hili wamezoea kukuta humu habari za lahaja, tungo na maandishi ya kale, na pengine watastaajabu kuona chupa na sindano zimeingia barazani. Lakini jambo lenyewe lina haki ya kuingia. Sehemu kubwa ya utafiti huu imefanywa katika nchi zetu na za jirani, katika wodi kama zile tuzijuazo, na matokeo yake yameandikwa kwa Kiingereza. Na yule ambaye matokeo hayo yamhusu zaidi, yaani mgonjwa pamoja na jamaa waliomzunguka kitandani, kwetu huulizwa na hujibu kwa Kiswahili.

Watu huiita tiba hii dripu, na kitendo chake huitwa kutundikiwa, kwa kuwa chupa huning'inizwa juu ya kitanda. Neno hilo limejipatia heshima kubwa. Mgonjwa aliyetundikiwa huhesabiwa kuwa ametibiwa. Aliyepewa vidonge tu, hata vikiwa ndivyo vimfaavyo, jamaa zake hurudi nyumbani wakinung'unika. Si ajabu kumsikia mama mtu mzima akimwambia mganga, "Mwanangu, mtundikie basi hata chupa moja apate nguvu." Na mganga kijana, aliye peke yake zamu ya usiku na wagonjwa arobaini, aghalabu hutundika, kwani chupa ni kitu kionekanacho na huleta amani wodini.

Yafaa basi tuanze na kile kilichomo chupani. Chupa ya nusu lita ya maji ya chumvi ina gramu 4.5 za chumvi ya kawaida, ile ile ya jikoni, kiasi kisichotimia kijiko cha chai. Yaliyobaki ni maji safi. Chupa ya ujazo huo huo ya maji ya sukari, yale ya sehemu 5 katika 100, ina gramu 25 za sukari, yapata vijiko sita vya chai. Bakuli la uji wa maziwa lina chakula zaidi. Nguvu zinazosemwa, basi, hazimo. Ama hiyo chumvi nayo si kidogo kama ionekanavyo: lita moja ya maji hayo ina gramu 9, hali Shirika la Afya Duniani lamshauri mtu mzima ale chini ya gramu 5 kwa siku nzima. Mgonjwa apewaye lita nne ametiwa chumvi ya wiki moja, na mafigo yake, ambayo pengine ndiyo yaliyo taabani, yatakiwa kuitoa yote.

Asili ya tiba yenyewe ni njema. Mwaka 1832 kipindupindu kilipokuwa kikienea Uingereza na Scotland, mganga mmoja wa mji wa Leith karibu na Edinburgh, jina lake Thomas Latta, alimtia maji ya chumvi mshipani bibi mmoja mzee aliyekwisha kukatiwa tamaa. Macho yaliyokuwa yamedidimia yakajaa, mapigo ya mkono yakarudi, bibi akaanza kusema. Latta akaondoka kwenda kupumzika. Kuhara kukarudi, na kwa kuwa hakutiwa maji tena, bibi akafa baada ya saa tano na nusu. Katika habari hiyo moja mna somo kamili la kipindupindu: maji huokoa, na yakisimama mapema mgonjwa hufa. Kanuni hiyo haijatanguliwa na chochote mpaka leo. Mtu aliyeharishwa na kutapika hana ila katika mishipa yenyewe. Mishipa yake ni mizima, bali imekaukiwa, nawe ukiijaza hujaa. Kadhalika mtu aliyetokwa na damu nyingi au aliyeungua moto ana shauri lake mbali. Nayasema haya mapema na kwa mkazo, maana yafuatayo hayawahusu wagonjwa wa namna hiyo, na mtu akiyachukua akayapeleka kwenye kambi ya kipindupindu ataua watu.

Ugonjwa tutakaousema ni mwingine. Vijidudu vya nimonia, vya njia ya mkojo, vya kidonda au vya kifua kikuu vikiushinda ulinzi wa mwili na kuenea, mwili hupigana navyo kwa ukali mno hata hujidhuru wenyewe. Mishipa midogo hulegea na kuvuja, moyo hudhoofika, msukumo wa damu hushuka, na viungo vilivyo mbali na pale ugonjwa ulipoanzia, kama mafigo, ubongo na mapafu, huanza kushindwa kazi. Waganga waiita hali hii sepsisi.

Hapa sina budi kusimama kidogo kwa sababu ya maneno. Jamaa za mgonjwa huelezwa mara nyingi kwamba ndugu yao ana "sumu katika damu." Msemaji ana nia njema, lakini katika Kiswahili sumu haiji yenyewe, sumu hutiwa, na aliyetia ana jina. Nimewahi kusikia ugomvi wa nyumba mbili uliozaliwa na sentensi hiyo moja iliyotamkwa mlangoni pa wodi. Neno jingine lipotoshalo ni mshtuko, litumiwalo kwa ile hali ya msukumo wa damu kushuka hata viungo vikakosa damu. Mshtuko kwa mwenye lugha ni kugutuka kwa hofu, na jamaa huuliza, kwa haki, ni nani aliyemshtua mgonjwa wao. Mimi naona heri kusema kwa urefu: ugonjwa umeenea mwilini mwote, na msukumo wa damu umeporomoka. Maneno ni mengi, ila hayamsingizii mtu.

Sasa, msukumo wa damu ukiporomoka, akili ya kawaida husema: jaza. Ndivyo walivyofanya waganga kwa miaka mingi, bila mtu kupima kwa makini. Mwaka 2001 yakatangazwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika hospitali moja ya mji wa Detroit, Marekani, juu ya wagonjwa 263. Nusu yao walitibiwa kama desturi; nusu nyingine walitibiwa kwa utaratibu mkali wa saa sita za kwanza, wakitiwa maji mengi, damu, na dawa za kuusukuma moyo, huku oksijeni ya damu ikipimwa kwa mrija uliopenyezwa mpaka karibu na moyo. Katika saa hizo sita kundi la utaratibu lilipata wastani wa lita 5 za maji, na kundi la desturi lita 3.5. Waliofia hospitalini walikuwa asilimia 46.5 katika kundi la desturi, na asilimia 30.5 katika kundi la utaratibu. Habari hizo zilienea dunia nzima. Miongozo ikaandikwa, na baadaye ikawekwa kanuni kwamba kila mgonjwa wa namna hii apewe upesi mililita 30 za maji kwa kila kilo ya uzito wake, maana yake lita 1.8 kwa mtu wa kilo 60.

Wagonjwa hao waligawanywa kwa kura. Nalitumia neno hili kwa maana yake ya zamani, kabla siasa haijalichukua: kupiga kura ili bahati iamue, wala si kumchagua mjumbe. Sababu ya kupiga kura ni nyepesi kueleza. Mganga akiachiwa achague mwenyewe, atawapa tiba mpya wale aonao wana tumaini, au kinyume chake atawapa wale waliozidiwa. Na mwishoni hatutajua kama ni tiba iliyofanya kazi au ni uteuzi wake. Kura haina huruma wala upendeleo, na kwa hiyo makundi mawili hufanana katika kila jambo isipokuwa tiba. Ni vigumu kumweleza hivyo baba wa mgonjwa saa nane za usiku. Mwenye kuomba ridhaa akisema kwamba mgonjwa "atafanyiwa majaribio," amekwisha kushindwa. Akisema kwamba waganga wana njia mbili, zote zinatumika, na hakuna ajuaye ipi ni bora, kwa hiyo bahati itachagua, amesema kweli na ameeleweka.

Jambo lililoitia shaka kanuni ya maji lilianzia kwetu, nalo lilianzia kwa watoto. Kati ya mwaka 2009 na 2011 watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za kukosa msukumo wa damu waliingizwa katika utafiti uliofanywa Kilifi katika Kenya, Muheza katika Tanzania, na hospitali nne za Uganda, zikiwamo Mulago na Mbale. Wenye kuhara na wenye utapiamlo mkali hawakuingizwa. Kundi moja lilitiwa maji ya chumvi kwa haraka, la pili lilitiwa maji yenye albumini, ambayo ni protini ya damu, na la tatu halikutiwa maji ya haraka kabisa. Wote walipewa dawa za malaria na za kuua vijidudu kama inavyopasa. Watafiti walitazamia kuona maji yakiokoa. Yalipotimia matokeo ya saa 48, waliokufa walikuwa asilimia 10.6 katika kundi la albumini, asilimia 10.5 katika kundi la maji ya chumvi, na asilimia 7.3 katika kundi lisilotiwa. Utafiti ukasimamishwa kabla ya kutimiza hesabu iliyokusudiwa, na habari zake zikachapishwa mwaka huo wa 2011.

Katika uchunguzi uliofuata mlikuwa na jambo ambalo kwangu ni zito kuliko hesabu yenyewe. Saa moja baada ya kutiwa maji, watoto wa makundi ya maji walionekana wamepata nafuu kuliko wenzao. Mikono ilipata joto, mapigo yalitulia. Kifo kilikuja baadaye, na mara nyingi kilitokana na moyo na mishipa kushindwa, wala si na mapafu kujaa maji kama wengi walivyodhani kwanza. Yaani muuguzi aliyekesha akasema "nimeona kwa macho yangu maji yakimfufua mtoto" hakusema uongo. Aliona nafuu ya saa moja, na zamu yake ikaisha.

Watoto si watu wazima wadogo, wala watu wazima si watoto wakubwa, na wengi walisema kwamba habari za Kilifi na Muheza hazina neno kwa wodi za watu wazima. Jibu lilitoka Lusaka. Katika Hospitali ya Chuo Kikuu ya mji huo, miaka ya 2012 na 2013, watu wazima 212 waliofika na maambukizi makali na msukumo wa damu ulioshuka waligawanywa kwa kura. 209 kati yao ndio waliohesabiwa katika matokeo. Wastani wa umri wao haukutimia miaka 37. Wagonjwa 187, karibu tisa katika kila kumi, walikuwa na virusi vya UKIMWI, na wengi walikuwa na upungufu wa damu. Utafiti mdogo uliotangulia hapo hapo ulikuwa umesimamishwa kabla ya wakati kwa sababu ya vifo vya waliokuwa wakihema kwa shida, kwa hiyo safari hii wenye shida kubwa ya kupumua hawakuingizwa.

Kundi la kwanza lilitibiwa kwa utaratibu uliofanana na ule wa Detroit, ila umerahisishwa ufae mahali pasipo na mitambo: maji mengi upesi katika saa ya kwanza, mengine katika saa zilizofuata, huku muuguzi akiangalia mshipa wa shingo, upumuaji na oksijeni ili ajue pa kusimama, na msukumo ukikataa kupanda, dawa ya kukaza mishipa, na damu kwa waliopungukiwa mno. Kundi la pili liliachiwa waganga wa wodi waamue kama walivyozoea. Katika saa sita za kwanza kundi la utaratibu lilipata lita 3.5 za maji, na kundi la desturi lita 2. Wagonjwa 51 katika 106 wa kundi la utaratibu walifia hospitalini, yaani asilimia 48.1, katika kundi la desturi walikufa 34 katika 103, yaani asilimia 33. Hesabu ilipofanywa tena baada ya siku 28, pengo lilikuwa limezidi: asilimia 67 kwa asilimia 45.3. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2017.

Tuyatazame hayo polepole. Utaratibu ule ule ambao Detroit ulionekana kupunguza vifo 16 katika kila wagonjwa 100, Lusaka uliongeza 15. Na waliougeuza hawakuwa wazembe. Walifuata kanuni iliyoheshimiwa na dunia nzima, wakiwa na wauguzi wa ziada wa kuifuatilia saa kwa saa. Wale walioachiwa desturi ya wodi, yenye maji machache kwa kuwa chupa zenyewe hazitoshi, ndio waliosalimika zaidi. Umaskini wa ghala, bila mtu kukusudia, uliwalinda.

Kwa nini ikawa hivyo? Haifai mtu kujibu kwa neno moja, kwa sababu utaratibu wa Lusaka haukuwa maji peke yake: dawa ya kukaza mishipa walipewa asilimia 14.2 ya kundi la utaratibu na asilimia 1.9 tu ya wenzao, na dawa iliyotumika, dopamini, haisifiwi siku hizi. Lakini sababu za maji zaonekana. Mishipa ya mgonjwa wa sepsisi huvuja. Maji utiayo hayakai humo, bali hupenya na kuingia katika nyama za mwili na katika mapafu. Upumuaji ulizidi kuwa mbaya kwa asilimia 35.9 ya waliotibiwa kwa utaratibu, na kwa asilimia 22.3 ya wengine. Huko Detroit mtu wa namna hii hutiwa mrija kooni na mashine humpumulia mpaka mapafu yakauke. Mahali ambapo mashine za kupumulia ni za kuhesabu kwa vidole, na zote zina watu, hana pa kukimbilia. Zaidi ya hayo damu iliyo nyepesi huzidi kuwa nyepesi ikitiwa maji, na aliyekuwa na upungufu wa damu hupungukiwa na oksijeni hata kama msukumo umepanda kwenye kipimo. Tena wagonjwa wenyewe si wamoja: wa Detroit walikuwa wengi wao wazee, walioishi na maradhi ya moyo na kisukari, wa Lusaka walikuwa vijana waliokondeshwa na UKIMWI na kifua kikuu, ambao huenda walikuwa wameugua kwa majuma mengi kabla ya kufikishwa.

Mtu aweza kusema kwamba watu 209 wa hospitali moja ni wachache mno kuweza kupindua kanuni. Ni kweli, na ningekubali lau habari ya Lusaka ingesimama peke yake. Lakini wagonjwa wa Detroit nao walikuwa 263 wa hospitali moja, na kanuni ilijengwa juu yao bila mtu kulalamika. Utaratibu wa Detroit uliporudiwa katika hospitali nyingi za Marekani, Australia, New Zealand na Uingereza, kwa tafiti tatu zilizotangazwa mwaka 2014 na 2015 zenye wagonjwa zaidi ya 4,000, haukuonyesha faida yoyote juu ya uangalizi wa kawaida wa huko. Baadaye likaja swali la maji peke yake. Utafiti wa hospitali za Ulaya uliochapishwa mwaka 2022, wenye wagonjwa mahututi 1,554, ulilinganisha maji machache na maji ya kawaida: baada ya siku 90 walikuwa wamekufa asilimia 42.3 na asilimia 42.1. Wa Marekani wa mwaka 2023, wenye wagonjwa 1,563, ulipata asilimia 14.0 kwa waliobaniwa maji na asilimia 14.9 kwa waliopewa kwa wingi, tofauti isiyo na maana ya kihesabu. Wagonjwa hawa wote walikuwa wamekwisha kupata lita moja au zaidi kabla ya kura kupigwa, kwa hiyo tafiti hizi hazisemi kwamba mtu asipewe maji hata tone. Zasema kwamba baada ya lita ya kwanza au ya pili, pale penye mashine na wauguzi wa kutosha, kuongeza hakuleti faida. Lusaka yasema kwamba pale pasipo na hivyo, kuongeza kwaweza kuua.

Miongozo ya kimataifa imesogea, ingawa kwa mwendo wa kinyonga. Toleo la mwaka 2016 liliamrisha zile mililita 30 kwa kilo; la mwaka 2021 lilishusha amri ikawa pendekezo. Mwenye kusoma miongozo hii kwa Kiingereza aijua tofauti ya maneno hayo mawili. Muuguzi aliyefundishwa kanuni miaka kumi iliyopita na kuibandika ukutani hana habari kwamba ukuta wake umezeeka.

Kuna tiba nyingine katika ugonjwa huu ambayo haina ugomvi kama huo, nayo ni dawa za kuua vijidudu. Katika jimbo la New York, ambako sheria iliwataka waganga waifuate saa, ziliangaliwa kumbukumbu za wagonjwa 49,331 wa hospitali 149. Habari hizo, zilizochapishwa mwaka 2017, zilionyesha kwamba kila saa iliyopita kabla ya dawa kutolewa iliongeza hatari ya kifo kidogo kidogo; kumaliza maji ya kwanza mapema au kuchelewa hakukuonyesha uhusiano na kifo. Huu haukuwa utafiti wa kura, na haustahili imani sawa na ile ya kura. Hata hivyo wakubaliana na yale yaonekanayo katika wodi zetu: chupa hutundikwa dakika ile mgonjwa afikapo, kwa kuwa chupa ipo na ndugu wanatazama, nayo sindano ya dawa husubiri mpaka mtu arudi kutoka duka la nje aliyetumwa kuinunua.

Ama suala la maji gani, nalipitia kwa haraka, maana waganga wamelizungumza mno kuliko faida yake. Maji ya chumvi ya kawaida yana kloraidi kupita damu: kipimo 154 kwa lita, hali damu yakaribia 100. Kloraidi ikizidi damu huelekea kuwa na asidi. Maji ya Ringer ni ya jamaa nyingine. Sydney Ringer, mganga wa London, katika miaka ya 1880 alikuwa akiuchunguza moyo wa chura, na ikagundulika kwamba moyo ulidunda vizuri kwa sababu msaidizi wake alitumia maji ya bomba ya mji badala ya maji yaliyochujwa. Kalisi ya bombani ndiyo iliyoufanya moyo udunde. Katika miaka ya 1930 Alexis Hartmann wa Marekani akaongeza lakteti. Mwaka 2018 utafiti wa chuo kikuu kimoja cha Tennessee juu ya watu wazima 15,802 uliona kwamba kifo au madhara makubwa ya figo viliwapata asilimia 14.3 ya waliopewa maji ya namna ya Ringer, na asilimia 15.4 ya waliopewa maji ya chumvi. Mwaka 2022 utafiti wa Australia na New Zealand, wenye wagonjwa 5,037, haukuona tofauti ya vifo. Mwenye aina zote mbili ghalani achague ya Ringer, isipokuwa kwa aliyeumia ubongo. Mwenye moja atumie hiyo moja, wala asikose usingizi.

Lililo kubwa zaidi kwa mganga wa wilaya ni kujua lini asimame. Vipimo vya Detroit vyahitaji mrija na maabara. Lakini mwaka 2019 ulichapishwa utafiti wa nchi tano za Amerika ya Kusini, wenye wagonjwa 424 waliokuwa na msukumo wa damu ulioporomoka. Nusu yao tiba iliongozwa na kipimo cha lakteti katika damu, kama ielekezwavyo na vitabu; nusu nyingine iliongozwa na kidole. Mtafiti alibonyeza ncha ya kidole cha shahada cha mgonjwa kwa kipande cha kioo mpaka ikawa nyeupe, akashikilia kwa sekunde 10, akaachia, kisha akahesabu sekunde mpaka rangi irudi. Ikizidi sekunde 3, damu haifiki viungoni kama ipasavyo. Baada ya siku 28 walikuwa wamekufa 74 katika kundi la kidole, na 92 katika kundi la maabara. Wenye hesabu walisema kwamba tofauti hiyo, kwa uchache wa wagonjwa, haikutosha kuthibitisha kwamba kidole ni bora. Na iwe hivyo. Kwa hospitali isiyo na maabara ya usiku yatosha kujua kwamba hakikuonekana kuwa duni, tena waliofuata kidole walitiwa maji machache.

Kipimo hiki chataka saa yenye mshale wa sekunde na mkono usio na haraka. Kina hatari zake: chumba cha baridi hukichelewesha, na penye taa hafifu rangi haionekani, hasa ukitazama ngozi nyeusi, kwa hiyo tazama mahali penye nyama nyeupe chini ya ukucha. Ukiisha kupima, hesabu matone. Mrija wa kawaida hutoa matone 20 kwa mililita moja. Chupa ya nusu lita ikitakiwa iishe kwa saa nne, matone yawe 42 kwa dakika. Baada ya kila chupa pima kidole tena, hesabu pumzi kwa dakika nzima, sikiliza mapafu upande wa mgongo, mtazame shingo. Pumzi zikiongezeka, funga. Waambie jamaa walioketi kando kwa nini umefunga, kwa sababu usipowaambia, mmoja wao atasubiri upite kwenda wodi nyingine, kisha atainuka na kukifungua tena kile kigurudumu cha mrija, akidhani kwamba umesahau.